Mkunga Aliyezimwa Mwanga

Bupe aliingia ofisini kwa dada yake, akaketi, akavua glavu moja ya sufi na kuuweka mkono wake juu ya meza.

“Washa taa yako, dada.”

Dkt. Sekela Mwasomola alikuwa ametoka kwenye kikao kilichoanza asubuhi na kwisha bila uamuzi wowote. Kichwa kilimuuma. Hakutaka kuwasha taa, kwa kuwa alijua atakachokiona, lakini Bupe hakuuondoa mkono. Basi akafungua droo, akatoa kitaa kidogo cha zambarau, cha aina ileile iliyouzwa kila duka mjini Mbeya pamoja na betri na viberiti, akaumulika mkono wa mdogo wake.

Kwenye mizizi ya kucha ukatokea mstari wa kijani, mwembamba kama uzi.

“Umeongezeka?” Bupe akauliza.

“Uko vilevile kama mwaka jana. Dawa inaushikilia ugonjwa.”

“Basi kama dawa inaushikilia, kwa nini nahesabu mashuka stoo?”

Sekela akaizima taa. Swali hilo alikuwa ameshaulizwa nyumbani, kwenye simu, na mara moja msibani, wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja. Bupe alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa wao walipita mikononi mwake. Kisha hospitali ikafunga taa ya zambarau juu ya mlango wa wodi ya wazazi, na wajawazito wakaanza kuomba mkunga mwingine. Hakuna aliyemfukuza. Waliomhamishia stoo walimwambia kwa upole kwamba huko hatachoka.

“Mikono yangu haijatetemeka hata siku moja,” Bupe alisema. “Unajua mwenyewe. Mama akichanika namshona, na akirudi kliniki hawajui ameshonwa wapi. Lakini nikizivua glavu hizi, naitwa kimulimuli. Nataka ile ya kuzima.”

“Ile ipi?”

“Usinifanye mtoto. Uliniambia mwenyewe Krismasi, tukimenya viazi. Ulisema umetengeneza kitu kinachozima Ng'ara, hilo tone lako linalotuwasha kucha.”

“Nilikuambia pia kwamba hakijaruhusiwa.”

“Sikuulizi kama kimeruhusiwa.”

Sekela alivua miwani akaiweka chini. Akamweleza mdogo wake taratibu, kama alivyowaeleza wanafunzi kwa miaka mingi. Daktari hupima kiasi cha dawa ya kitete, ugonjwa huu unaoua neva na kutetemesha mikono, kwa kuangalia mwanga. Mwanga ukipanda, anaongeza. Ukishuka, anapunguza, maana dawa ikizidi huharibu ini. Mtu akizimwa, daktari anabaki kubahatisha. Anaweza kuja kushtuka mikono imeshaanza kucheza, na neva zilizokufa hazirudi.

Bupe alisikiliza mpaka mwisho. “Nimeelewa,” alisema. “Sasa na wewe nielewe. Nikikaa stoo miaka kumi mikono ikiwa mizima, halafu ikaanza kutetemeka, nitakuwa nimeitunza kwa ajili ya nini?”

Bupe akavaa glavu, akainuka.

“Fikiria, dada. Lakini usifikirie mpaka nizeeke.”

*

Alipoanza kazi, Sekela hakuwa na habari na kucha za mtu yeyote. Alikuwa mwanakemia kijana aliyependa rangi. Swali lake lilikuwa dogo: unawezaje kuiona chembe hai ikifanya kazi yake bila kuiua? Dawa za zamani za kupaka chini ya hadubini zilikuwa sumu. Ulichokiona kilikuwa maiti iliyopakwa rangi vizuri.

Yeye alitengeneza molekuli zinazopokea mwanga wa zambarau, kuushika kwa muda mfupi mno, kisha kuurudisha ukiwa wa kijani. Hilo wengine walishaliweza. Lake lilikuwa kuzifanya molekuli hizo zikae gizani mpaka zikutane na kitu zinachokitafuta, ndipo ziwake. Alibadilisha kona moja ya molekuli, akashindwa, akabadilisha nyingine, akashindwa, na ujana wake ukaishia humo. Mchumba mmoja alimsubiri kwa muda mrefu, halafu akaacha kumsubiri. Siku ya kwanza alipoiona neva ya samaki mdogo ikiwaka ndani ya samaki anayeogelea, alikaa kwenye kiti akalia, kisha akaenda kula ugali akiwa bado na koti la maabara.

Ng'ara ilikuja baadaye. Ilikuwa tone moja la kunywa, linalokwenda kukaa kwenye neva na kuwaka pale zinapoanza kuharibika kwa kitete, miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Kwa kuwa neva za chini ya kucha ziko karibu na ngozi, haikuhitaji hata hadubini. Wagonjwa walianza dawa mapema, wakazeeka wakishika vikombe vyao wenyewe. Serikali ikaamuru kila mtoto anywe tone hilo anapoanza shule, na kila mtu mzima alirudie kila mwaka. Sekela alipewa nishani. Bado ilikuwa kabatini, nyuma ya sahani za wageni.

Hakuna aliyefikiria habari ya bei ya taa. Zilipokuwa rahisi, zikahamia milangoni: kwa waajiri, kwa wenye nyumba za kupanga, kwa washenga.

Wiki ileile aliyokuja Bupe, alikuja pia Ambakisye Mwaijande. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, na sasa alikuwa mkurugenzi wa mpango wa taifa wa kitete. Bado alimwita Mwalimu. Alimbebea parachichi kutoka shambani kwake, akaziweka dirishani, kisha akafungua kompyuta.

“Hii ni kamera iliyo juu ya paa, Mwalimu. Pale ni Mwanjelwa.”

Kwenye kioo lilionekana soko lililojaa watu, picha ikiwa ya kijivu. Katikati ya umati, vidole vya mtu mmoja viliwaka. Mtu huyo alikuwa ameiweka mikono mifukoni. Mbele kidogo akawaka mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni.

“Ng'ara ya Pili,” Ambakisye alisema. “Vijana wako wameifikisha hapo. Inarudisha mwanga mwekundu sana ambao jicho halioni, na unapita kwenye nguo. Hatuhitaji kumsimamisha mtu wala kumvua glavu.”

“Hawa wanajua kwamba unawaangalia?”

“Hawa walijitolea kwenye majaribio.”

“Na watakaofuata?”

“Itaingia kwenye tone la kila mwaka. Wameshazoea kunywa.”

Sekela aliendelea kumtazama yule mwanamke mwenye mtoto. Alikuwa anachagua nyanya, anaiminya moja, anairudisha.

“Sheria inataka kibali cha mtengenezaji wa rangi ya kwanza,” Ambakisye alisema. “Nimekuja kukuomba saini yako.”

“Ambakisye, watu wanaficha mikono kwa sababu ya kazi yangu. Sasa unataka hata kuficha kusiwepo.”

Ambakisye hakupandisha sauti. “Baba yangu alijua mikono yake inacheza. Mama alijua. Kila asubuhi baba alivaa sare, akaenda kuendesha basi. Ulikuja kwenye mazishi, Mwalimu. Uliona yalikuwa majeneza mangapi.”

“Niliona.”

“Basi usiniambie habari ya kuficha.”

Sekela alijua kwamba mtu yule amesema kweli. Lakini hakutia saini. Alimwambia atamjulisha, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi ofisini parachichi zilikuwa bado dirishani, na hakuweza kuzila.

*

Jumapili baada ya ibada alimpitia Bupe, wakaenda pamoja maabara. Hakukuwa na mtu. Sekela alipima unga mweupe kwenye mizani, akauyeyusha, akamimina kwenye kikombe cha chai.

“Hii haiitoi Ng'ara mwilini,” alisema. “Inakwenda kukaa karibu yake. Ng'ara ikipokea mwanga, hii inaunyang'anya kabla haujarudishwa. Unabaki joto kidogo tu. Ugonjwa unabaki palepale ulipo. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Hutakwenda tena kliniki ya kitete, kwa sababu watashtuka. Nitakuwa nakupatia dawa kwa kipimo cha sasa, nikiomba Mungu kisibadilike.”

“Na wewe wakikugundua?”

“Anayemzima mtu kwa siri ananyang'anywa leseni, na rangi yake inakuwa mali ya serikali. Hawatahitaji saini yangu kwa lolote.”

Bupe alikishika kikombe bila kukinywa. Alikuwa ameshasimuliwa habari za kamera ya juu ya paa. “Kwa hiyo nikikamatwa mimi, wataonekana watu wote.”

“Ndiyo.”

“Na bado unanipa?”

“Nimechoka, Bupe. Kila ninayemjua amefaidika na mwanga huu isipokuwa anayewaka. Kunywa kabla sijabadilisha mawazo.”

Bupe akanywa, akakunja uso kwa uchungu. Baada ya siku chache mistari ya kijani ilififia, kisha ikapotea kabisa. Alihamia kituo cha afya cha kule Rungwe, ambako hawakumjua. Taa ya mlangoni ilimmulika isione kitu, akapewa aproni.

Kwa miezi iliyofuata Sekela alimsikia kwenye simu tu. Bupe alizungumza kwa sauti ambayo dada yake alikuwa ameshaisahau. Alisimulia mapacha waliokuja wakitanguliza miguu, na binti mmoja aliyemtukana usiku kucha kisha akampa mtoto jina lake. Sekela aliuliza kila mara, “Na mikono?” Bupe alijibu, “Ipo.” Ambakisye naye alipiga simu, kwanza kila wiki, baadaye kila mwezi. Sekela alimjibu vilevile: hatatia saini. Vijana wa maabara wakaanza kumwamkia haraka na kupita.

Siku Bupe aliporudi, mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa na begi lake la nguo.

“Nimeacha kazi,” alisema, hata kabla ya kukaa.

“Wamekugundua?”

“Hapana. Jana nilikuwa nimeshika mkasi, nataka kukata kitovu. Kidole hiki kikaruka chenyewe. Hakuna aliyeona. Nikampa mkasi mwenzangu, nikamwambia nimechoka, akakata yeye. Leo asubuhi nikawaaga.”

Sekela aliushika mkono wa mdogo wake, akaulaza juu ya kiganja chake. Alisubiri. Kidole cha kati kilicheza kidogo, kikatulia, kikacheza tena.

“Kimeanza lini?”

“Jana. Kwa nini nikudanganye?”

Sekela alimwamini. Alijua pia maana yake: ugonjwa ulikuwa umekipita kipimo cha dawa miezi kadhaa iliyopita, na hapakuwa na mwanga wa kumwambia. Aligeuka dirishani akaitazama mvua, ili Bupe asiuone uso wake.

“Usianze kujilaumu,” Bupe alisema nyuma yake. “Nilikunywa mwenyewe. Niambie tu tunafanya nini.”

*

Daktari wa kliniki ya kitete alikuwa kijana mpole, Dkt. Lusajo, mwenye tabia ya kuandika huku akizungumza. Alimmulika Bupe, akatazama kwenye kompyuta, akammulika tena.

“Mama, hapa inaonyesha ulikuwa unawaka. Sasa siuoni mwanga, na kidole kinacheza. Sijawahi kuona hivi.”

Njiani walikuwa wamekubaliana. Bupe angesema alikunywa dawa za mitishamba, apewe tone jipya la Ng'ara, waondoke. Lilikuwa wazo la Bupe. “Mkono ni wangu,” alisema, “lakini ile kamera ya juu ya paa itawaona watu wote. Nyamaza.” Sekela alikubali, kwa kuwa hakuwa na wazo bora.

“Kuna dada mmoja aliniuzia majani,” Bupe akaanza. “Nilikuwa nachemsha asubuhi na jioni.”

“Majani gani?”

“Sikuyauliza jina.”

Lusajo alitikisa kichwa, akaandika. “Sawa. Yataisha mwilini. Nitakupa tone jipya, urudi tupime mwanga, ndipo nijue nikuongezee dawa kiasi gani.”

Sekela alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini. Aliposikia hivyo, aliiona hesabu yote mbele yake, na akashangaa ni vipi hakuiona njiani. Kizimio chake kilikuwa bado kimekaa kwenye neva. Tone jipya lingekuta kinasubiri. Kingeunyang'anya mwanga mwingi na kuacha kidogo, na daktari angeona mstari hafifu, akafurahi, akatoa dawa kidogo. Ilimpasa daktari kwanza akisafishe kwa sindano, na dawa ya sindano hiyo ilikuwa hospitali tu. Bila hivyo kila kipimo kingedanganya, na Bupe angetetemeka huku kila mtu akimwambia anaendelea vizuri.

Alimwangalia mdogo wake. Bupe alimtazama kwa macho makali, kama alivyomtazama walipokuwa wadogo na Sekela akataka kumwambia mama ukweli.

Sekela alifikiria yule mwanamke wa sokoni. Hakumjua jina. Mwanamke yule alikuwa na haki ya kununua nyanya bila mtu wa juu ya paa kujua mikono yake itakuwaje akizeeka. Wako wengi kama yeye, na kwa ajili yao Sekela alikuwa amekataa kutia saini mwaka mzima. Hapa kwenye kiti kulikuwa na mtu mmoja tu.

“Daktari,” alisema. “Hakunywa majani.”

“Dada,” Bupe alisema.

“Alikunywa kizimio. Bado kimo. Ukimpa tone sasa, kipimo kitakudanganya. Msafishe kwanza kwa sindano kwa wiki kadhaa, halafu ndipo umpe Ng'ara.”

Lusajo aliacha kuandika. “Kizimio cha nani?”

“Changu. Nimemzima mimi.”

Kijana yule alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, na Sekela aliona kwamba amemtambua. Picha yake ilikuwa kwenye vitabu walivyosomea.

“Mama,” Lusajo alisema, akipunguza sauti. “Nikiandika hivyo, unajua itakavyokuwa.”

“Najua. Usipoandika, daktari wa zamu ijayo hatajua anatibu nini. Andika.”

Lusajo aliinamisha kichwa. Kisha akaandika.

Nje, kwenye benchi, Bupe alikuwa amekasirika mpaka machozi yanamtoka. “Umewatoa kafara watu wote kwa ajili ya mkono wangu,” alisema. “Nilikuambia unyamaze.”

“Uliniambia.”

“Hukuwa na haki.”

“Sikuwa nayo,” Sekela alisema. “Wanakuita. Nenda uchomwe sindano.”

*

Ambakisye alikuja nyumbani mwenyewe, Sekela akiwa ameshakabidhi funguo za maabara. Hakuja na parachichi. Aliketi kwenye kochi la kando ya mlango, akazungusha kofia yake mikononi.

“Sihitaji saini yako tena, Mwalimu.”

“Najua.”

“Tutaanza na stendi na masoko. Vituo vya polisi baadaye.”

Ambakisye alionekana kama mtu aliyeshinda shauri na bado hana usingizi.

“Nilijiandaa kusubiri miaka,” alisema. “Usingetia saini, na mimi ningestaafu, na huyo atakayekuja baada yangu labda asingeihangaikia. Ungenishinda kwa kukaa kimya tu. Kwa nini ulisema?”

“Dawa yake ilikuwa haitoshi.”

“Hilo tu?”

“Hilo tu. Kama kuna jingine, sijalipata bado.” Akafikicha macho. “Ambakisye, yeye aliacha kazi mwenyewe. Kidole kilicheza mara moja, akampa mwenzake mkasi. Hakukuwa na taa wala kamera. Nataka ulijue hilo kabla hujafunga hizo zako.”

Ambakisye aliacha kuizungusha kofia. Huenda alikuwa amemkumbuka baba yake.

Bupe akatokea jikoni na sinia. Juu yake kulikuwa na birika na vikombe vitatu, na vikombe viligongana kidogo kila alipokanyaga. Sindano zilikuwa zimekwisha, mwanga wake ulikuwa umerudi, na dawa ilikuwa imeongezwa mara mbili. Daktari alisema huenda ikashika hapohapo, huenda isishike.

Ambakisye aliinuka haraka kumpokea.

“Kaa,” Bupe alimwambia. “Nitafika.”

Akakaa. Yeye na Sekela wakamtazama Bupe akivuka sebule hatua kwa hatua, mpaka alipoitua sinia mezani na kuanza kumimina.